Randa ya Record namba 04 iliyotumika: uzoefu wangu wa miaka miwili

Mimi si seremala wa kazi. Ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na jioni hujitengenezea rafu na vigoda katika baraza ya nyuma. Kwa muda mrefu nilitumia randa ya umeme, mpaka jirani yangu alipojifungua na mlio wa ile mashine ukawa haustahimiliki tena. Nikanunua dukani randa mpya ya mkono, ya bei nafuu, ambayo kisu chake kilipoteza makali kabla sijamaliza ubao mmoja wa mninga, na uso wake wa chini ulikuwa umepinda kiasi kwamba ukiuwekea rula unaona mwanga katikati.

Randa ninayoieleza hapa niliipata mtaa wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, kwa mzee mmoja aliyestaafu useremala. Ilikuwa imefunikwa na kutu hata rangi yake ya buluu haikuonekana vizuri, na nilipositasita aliniambia, "Mwanangu, kutu ni nguo tu, mvue kwanza ndipo umtazame." Nilimlipa shilingi 40,000, bei ambayo mke wangu bado anaiona kubwa kwa kipande cha chuma kichafu.

Record zilitengenezwa Sheffield, Uingereza, na kampuni ya C. & J. Hampton, iliyoanza kuuza randa hizi mwaka 1931 kwa kufuata muundo wa Mmarekani Leonard Bailey, ambao Stanley, kampuni ya zana ya Marekani, walikuwa wameuchukua tangu mwaka 1869. Ndiyo maana namba 04 ya Record inalingana na namba 4 ya Stanley, na kwa mnunuzi jambo hili lina faida yake, kwa kuwa kisu cha Stanley cha inchi 2 huingia humo bila tabu kile cha asili kinapokwisha.

Kuisafisha kulinichukua jioni tatu. Vyuma vidogo nilivilaza katika siki usiku kucha, nikavisugua kwa brashi ya waya, kisha nikavikausha na kuvipaka mafuta mara moja, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki hurudisha kutu upesi. Uso wa chini niliunyoosha kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo kinene. Kazi iliyohitaji subira zaidi ilikuwa ile ya chuma cha pili kinachokaa juu ya kisu na kuyavunja maranda, yaani maganda membamba ya mbao yanayokatwa: ukingo wake usipogusana na kisu sawasawa, maranda hupenya katikati na kuziba mdomo wa randa, ule upenyo wa chini kisu kinapotokea, na nilirudi kwenye jiwe la kunolea mara nne kabla sijaridhika.

Mara ya kwanza iliposhika mninga vizuri, niliacha kazi nikabaki kutazama. Lilitoka ganda moja la mbao, refu, jembamba, likajikunja juu ya mkono wangu, nami nikalinyoosha juu ya gazeti na kuzisoma herufi kupitia humo. Ubao wenyewe ulibaki na mng'ao ambao msasa haujawahi kunipatia, na hapakuwa na lile vumbi la mninga linaloniwasha pua. Mvule ni habari nyingine, kwa maana mbao zake wakati mwingine huwa na chembe ngumu kama mawe ndani, na moja ilinitia pengo katika kisu lililonigharimu saa nzima ya kunoa.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Gurudumu dogo la shaba linaloshusha kisu huzunguka karibu nusu duara kabla ya kushika, jambo linalomchosha asiyelizoea. Hesi za skrubu zake, ile mikato inayozunguka, si za kawaida, hivyo ukipoteza moja usitarajie kuipata duka la vifaa vya ujenzi. Hewa yetu ya bahari nayo haina huruma, na nikisahau kuipaka mafuta kwa wiki moja tu, madoa huanza kujitokeza. Anayenunua aifungue yote na kuchunguza pembe za mdomo, kwa kuwa chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, hupasuka kikianguka. Mimi mwenyewe, kwa papara, baadaye nilinunua nyingine mnadani, nikagundua nyumbani kwamba ufa wake ulikuwa umechomelewa na kufichwa kwa rangi.

Hasara hiyo haikunizuia kununua patasi tatu kuukuu za Sheffield na msumeno wenye mpini uliochakaa hasa mahali vidole vyangu vinapokaa. Mashine ya umeme nimeiuza. Mzee wa Ngamiani ameniwekea randa ndefu ya mbao, na ameahidi kutoiuza kabla ya mwisho wa mwezi.