Shosho wa nani? Usiku wetu kwenye jahazi

Hasira zimepoa kidogo, ndiyo maana naandika leo. Usiku ule ningeandika matusi.

Tulikuwa sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mamangu, ambaye goti lamsumbua siku hizi, hatembei bila mkongojo. Safari yenyewe ilikuwa hamu yake. Babake alikuwa nahodha, na tangu tumzike mzee yule mama hajakanyaga chombo cha tanga. Basi nikalipia ile ya jioni, jahazi la taa na bendi linalozunguka mkono wa bahari wa Tudor, hapa Mombasa, mkila. Nilipiga simu mapema nikasema wazi nina mtu mzima wa mkongojo. Nikaambiwa hakuna shida, madam.

Kufika gatini, kijana mwenye karatasi ya majina akamtazama mamangu toka ushungi mpaka makubadhi, kisha akanigeukia mimi, kama kwamba mwenyewe hasikii: "Huyu shosho atabaki kwa gari, sivyo?"

Shosho! Mamangu ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Sina ugomvi na neno hilo la bara, la kumwita bibi, kwa wenyewe wanaolitumia kwa heshima. Lakini kubaki kwa gari, kama mwavuli? Nilimjibu vibaya, na sijutii. Yeye akainamia karatasi yake, akaita jina la waliofuata. Jamani, feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi hata ndururu, watu wanakanyagana, na bado mzee hupishwa. Hapa nimelipa!

Mama hakusema neno. Alishika bega la mjukuu wake, akashuka vidato vinne vya ngazi, akaingia chomboni.

Msiniulize kuhusu chakula. Nilikuwa namtazama yule kijana, sikuonja kitu. Najua tu kwamba watoto hawakuandaliwa chochote cha kitoto, na kamba wa maganda si wa mtoto wa miaka mitano. Wangu alikula chapati kavu akalala juu ya viti viwili. Meza za kando zote ni wapenzi na divai yao. Kwa hiyo mwenye watoto awapeleke Shimoni mchana, wakatafute pomboo Kisite na kula samaki Wasini, tena angoje pepo za Kaskazi. Ukiwapeleka Julai, Kusi ikichafuka, utapangusa matapishi mpaka jioni.

Nyota moja, nilishaamua. Kugeuka, kiti cha mama kitupu!

Nilimkuta tezi, nyuma ya jahazi, ameketi karibu na sukani, anamhoji nahodha mtu mzima mwenzake. "Tanga hili la mapambo?" Nahodha akacheka, akakiri wanakwenda kwa mashine. Mwenye kipaza sauti alikuwa akieleza Ngomeni, yaani Fort Jesus, na Wareno wake wa 1593, wanangu hawana habari naye. Wanamsikiliza bibi yao, taa za daraja la Nyali zikiwa mbele, akiwaambia kabla ya 1980 watu walivuka kwa daraja la kuelea, na jinsi lilivyokuwa likitikisika.

Sasa kurudi. Mwezi ulikuwa mpevu. Mama alikuwa ameniambia nyumbani, nikampuuza: mwezi ukiwa hivi maji hujaa alasiri, kufika saa nne usiku yamekupwa. Vile vidato vinne vimekuwa kumi na tano, vya chini vyote kijani, vyateleza. Nahodha akaagiza kiti cha plastiki. Mabaharia wawili wakamnyanyua mama juujuu, mkoba mapajani, utadhani bibi harusi. Na aliyewamulikia kwa simu, akirudi kinyumenyume kidato kwa kidato, ni nani? Yule yule wa karatasi. "Pole, mama," akasema. Mama, si shosho.

Basi nikasema nyota tatu. Lakini asubuhi nilipiga simu kulalamika, nikaambiwa nitapigiwa, na nangoja mpaka leo. Mbili, zote za nahodha.

Jana mama ameniambia nilipie tena. Siku ameshachagua mwenyewe, ya maji mafu, mwezi nusu, ili saa nne tukirudi maji yawe juu. Tena tumchukulie yule kijana halua.

Halua! Sijamjibu.