Sakafu ya kiwanda Mwanza: zege lenye uso ulioimarishwa au epoksi?

Kwa karakana ya vyuma vizito kando ya ziwa, mimi nachagua zege lililonyunyiziwa unga wa kuimarisha uso, kisha likasuguliwa kwa mashine. Unga hutiwa zege likiwa bado bichi, ukawa kitu kimoja na jamvi, yaani bamba la zege la sakafu. Hakuna tabaka la kubanduka mtu akiburuta bamba la chuma au forklifti ikipita kutwa nzima.

Epoksi, yaani tabaka gumu la plastiki linalopakwa juu ya zege, inavutia: inang'aa, oili haipenyi, na ile inayojisawazisha yenyewe hufuta mawimbi madogo aliyoyaacha fundi. Lakini inataka zege kavu, kwa kawaida la siku 28 au zaidi, na hapo ndipo mwambao wetu unapoisumbua. Maji ya ardhini mara nyingi yako karibu. Bila nailoni nzito chini ya jamvi, unyevu hupanda, epoksi ikatoka malengelenge na kubanduka. Maji ya moto pia huichosha, kwa hiyo viwanda vya minofu ya sangara viulizie tabaka la poliyurethani (plastiki ya aina nyingine) yenye saruji.

Zege nalo lina masharti. Likisuguliwa mapema, maji hunaswa chini ya uso na baadaye uso hubabuka. Ukichelewa, halisawaziki tena. Mikato ya kudhibiti nyufa ikatwe ndani ya saa 24 hivi, kina robo ya unene wa jamvi. Usawa upimwe kwa leza wakati wa kumwaga, maana kuchonga zege lililokomaa ni gharama kubwa.

Chumba cha kemikali? Huko epoksi inastahili, mradi unyevu wa zege umepimwa kwanza.