Pemba kwa gari wikendi ndefu: ulale wapi? (Mi nasema Wete na Makangale, Chake pita tu)

Watu wakisikia Pemba ni ndogo, urefu kama kilometa 67 hivi, wanapiga hesabu ya haraka: tulale Chake Chake hapo katikati, leo tuzunguke kaskazini, kesho kusini, jioni tunarudi kitanda kilekile. Kwenye ramani inaingia akilini kabisa. Ila ramani haikuonyeshi vilima. Pemba siyo Unguja jamani, Unguja unakanyaga mafuta mpaka Nungwi, Pemba ni kupanda na kushuka, kona juu ya kona, chini bonde la mpunga, juu mikarafuu, halafu ng'ombe kafungwa upande huu wa lami na majani anayoyataka yako upande ule, kwa hiyo ile kamba ndo imelala barabarani unasubiri mwenyewe aamue. Mchana ni raha tupu. Usiku, hakuna taa, watu wanatembea pembeni wanatoka msikitini au dukani, baiskeli haina hata kioo cha kuakisi, hapo raha imeisha.

Sasa tatizo la kulala Chake ndo hilo. Vitu vizuri vya kaskazini vinataka uwepo saa kumi na moja jioni mpaka giza linaingia, na wewe ndo muda huohuo unaangalia saa unamwambia dereva tugeuze. Mi na mke wangu tulishakutana huko na watu waliolala Chake, saa kumi tu wameshaanza kukusanya mataulo pale ufukwe wa Vumawimbi, sisi tumekaa tunawapungia mkono.

Kuhusu Chake yenyewe nisiwe mchoyo, ni mji mzuri wa kufanyia shughuli. Uwanja wa ndege uko jirani, ATM zipo, soko lipo, stendi ya daladala iko hapohapo, na ile ngome ya zamani yenye makumbusho ya Pemba mtaimaliza kwa saa moja mkajua kidogo habari za Mkama Ndume, mtawala wa zamani, na magofu yake ya Pujini kabla hamjaenda kuyaona. Jioni kuna mishikaki na pweza, bei za wenyeji. Kwa hiyo toeni hela, nunueni maji, jazeni mafuta, kuleni, mwondoke. Tuliwahi kulala hoteli moja pale mjini, jina sitaji, picha za mtandaoni zilikuwa na bahari dirishani, kufika dirisha linatazamana na ukuta wa jirani na tangi la maji, kumuuliza kijana wa mapokezi akasema, "Kaka, bahari ipo, ila ukipanda juu ya paa." Alikuwa hatanii. Shuka safi lakini, na chai ya asubuhi ilikuwa ya kutosha, chapati mbili, mayai, papai. Usingizi ndo mgumu maana chumba kiko juu ya barabara na makonda wanaanza kuita abiria wa Mkoani kabla hakujapambazuka.

Wete, ule mji wa bandari wa kaskazini, ndo kwangu. Ni kama kilometa 30 kutoka Chake kwa ile barabara ya zamani na mi nawaambia piteni hiyohiyo hata kama dereva ana haraka zake, maana safari yenyewe ndo hiyo sasa. Njiani mnaweza kuchepuka Kidike kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa wenye sura kama mbweha ambao duniani kote wanapatikana kisiwani hapa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache kabisa kwa kuwindwa, wanavijiji wenyewe wakaja kuwalinda, leo wananing'inia mitini kwa maelfu wakigombana kelele moja. Mkiwa mnalala Wete mnafika Kidike alasiri bila presha, mnawasubiri mpaka waanze kuruka wakati wa magharibi, halafu mnamalizia taratibu kipande cha barabara kilichobaki.

Mji wenyewe umekaa kwenye mteremko unaoshuka bandarini. Juu kuna yale maghorofa ya enzi za Karume yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, chini kuna majahazi, mbele yako kisiwa cha Fundo, na jua linazama upande huohuo. Gesti za Wete ni za familia nyingi, nyumba ya kawaida iliyoongezwa vyumba, usitegemee lifti wala bwawa la kuogelea. Ile tunayopenda kufikia mwenye nyumba ni mama wa makamo, ukifika unaamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu hakuulizi kitambulisho kwanza, anauliza, "Mmekula wanangu?" Kitambulisho kinakuja baada ya chai. Chumba kina feni, neti nzima isiyo na matundu (nimeikagua, mi huwa nakagua), choo ndani, maji ya moto hakuna na kwa joto lile nani anayataka. Bei ni ya gesti ya kawaida tu ya Dar. Kasoro: parkingi ni ya kubanana, na usipomwambia mapema kwamba utakula usiku basi hupikiwi, na migahawa ya Wete ikishafika saa tatu usiku mji umelala. Agiza asubuhi. Changu wa nazi wa huyu mama, na wali wa nazi pia, yaani nazi juu ya nazi, mke wangu aliomba afundishwe akaambiwa rudi kesho jikoni, na kweli alirudi, mi nikaenda bandarini peke yangu kuangalia watu wakishusha mizigo.

Halafu usiku mmoja angalau mwende mkalale kabisa huko juu, Makangale, rasi ya Kigomasha. Kutoka Konde barabara inaingia ndani ya msitu wa Ngezi, na hapa ndo nasema kama una gari na hukupita hapa hujaenda Pemba. Mnatoka kwenye mashamba ghafla jua linakatika, mivule mirefu, mizizi, ubaridi, harufu ya udongo uliolowa, zima redio shusha vioo. Ni kipande cha msitu wa asili uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu. Kuna geti na waongozaji, lipeni mtembezwe, na kama mnalala karibu waulizeni matembezi ya usiku kuwatafuta wale bundi wadogo wa Pemba, nao hawapatikani kwingine duniani. Mtu aliyelala Chake matembezi ya usiku anayasikia kwenye hadithi tu.

Ukitoka msituni una pwani mbili, mashariki Vumawimbi, magharibi Verani, na rasi ni nyembamba kiasi kwamba asubuhi unaona jua likitoka huku na jioni linazama kule bila kuchoka. Pemba kwa sehemu kubwa imezungukwa na mikoko, fukwe za mchanga mweupe siyo nyingi kama Unguja, kwa hiyo hizi ndo zenyewe. Malazi yake yana sura mbili tu. Kuna mabanda ya kawaida ya makuti, kitanda, neti, taa ya sola, na kuna risoti za dola. Sisi tulichukua banda. Upepo unapita, samaki anatoka baharini anaingia jikoni, ila niseme wazi: chaji ya simu ni ya kupokezana, mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi, na mtoto mdogo anayeogopa giza atawakesha. Vumawimbi pia hakuna duka hata la biskuti, mnaondoka na vyenu kutoka Konde. Kwa wanandoa au marafiki, nyota tano. Kwa familia yenye bibi anayehitaji choo karibu, hapana, bakini Wete mje huku asubuhi.

Za dola nazo nizisemee maana nyie mnaziona Instagramu. Kile chumba cha chini ya maji cha hoteli ya Manta kipo hukuhuku Kigomasha, kilizinduliwa mwaka 2013, kabuni Msweden Mikael Genberg, kinaelea mita kama 250 kutoka ufukweni na kitanda kiko mita nne chini ya maji, samaki wanakuchungulia umelala. Kulala humo sijawahi na kwa bei ya zaidi ya dola elfu moja kwa usiku sidhani kama ntalala karibuni. Kule kusini kuna risoti ya Fundu Lagoon, hiyo unafikia kwa boti kutoka Mkoani, sasa kwa safari ya gari haina maana, gari unaliacha linakusubiri huku unalilipia. Risoti ya namna hii ni safari yake peke yake, unaenda unakaa hutoki. Ukichanganya na kuzunguka unalipa kitanda cha mamilioni halafu mchana kutwa uko barabarani kwenye Noah.

Mkoani, mji wa bandari wa kusini, ni ya usiku wa mwisho, na kwa wenye boti ya asubuhi tu. Mji umebana kilimani juu ya bandari, gesti chache, cha kufanya kidogo, lakini kutoka Wete mpaka bandarini ni kisiwa kizima, na kukimbiza boti alfajiri kwenye kona zile, mvua imenyesha, mi roho yangu haitaki. Anayeondoka kwa ndege haimhusu, yeye alale Wete mpaka dakika ya mwisho. Na ratiba ya boti muulize siku moja kabla, msikariri ya mwezi uliopita.

Na kile kisiwa kidogo cha Misali mnauliza? Misali hulali, unakwenda na boti asubuhi kutoka Wesha karibu na Chake unarudi mchana. Kwa hiyo siku ya Misali iwekeni mwanzo au mwisho mkiwa mnapita Chake, msihamishie kambi nzima kwa ajili yake.

Vya kuuliza kabla hamjatuma hela ya kubuku. Umeme: Pemba inaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ukikatika unakatika, uliza kama kuna jenereta au sola na inawashwa saa ngapi, maana "jenereta ipo" na "jenereta inawashwa" ni vitu viwili. Uliza bei kwa shilingi na useme mapema nyie ni Watanzania, sehemu zinazopanga kwa dola nyingi zina bei ya wenyeji ila hawaitoi usipoitaja. Wapenzi wasiooana msishangae mkiulizwa maswali mlangoni, Pemba ni watu wa dini na wapole sana, nguo za ufukweni ziishie ufukweni, pombe kwenye gesti za mjini msiulizie. Ramadhani mchana msitegemee mgahawa, ongeeni na mwenye gesti awawekee chochote chumbani. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia za udongo za kwenda pwani zinageuka matope, Noah ya kawaida itawaacha njiani.

Na kama mnaweza kuchagua mwezi, nendeni wakati wa karafuu. Wanazianika kwenye majamvi pembeni ya barabara, vijiji vyote vinanukia, kilometa baada ya kilometa, na gesti za Wete zinajaa watu wa biashara hiyo, kwa hiyo pigeni simu mapema.