Mwaka mmoja na kikundi cha wapenzi wa opera Maskati: uzoefu wangu

Jamaa zangu wa Unguja na wa hapa Maskati wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kujiunga na kikundi chetu cha kusikiliza opera, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa, na kama zile riyali mbili za kila mwezi zina maana. Nimeshakaa nacho mwaka mzima, tangu Septemba hadi Septemba, kwa hiyo naandika yote hapa ili anayetaka kuja ajue anakuja wapi.

Opera niliiona kabla sijakijua kikundi, na sikuipenda. Kila nikipita Shati Al Qurum lile Jumba la Opera la Kifalme lilikuwa likinivuta kwa mawe yake meupe na matao yake, mpaka siku moja nikakata tiketi ya siti za juu na kuingia peke yangu. Ukumbi ni wa watu 1,100, mbao zimechongwa mpaka huwezi kuondoa macho. Mgongoni mwa kiti cha mbele yako kuna kioo kidogo kinachoonyesha maneno kwa Kiarabu au Kiingereza. Basi nikisoma kioo namkosa mwimbaji, nikimtazama mwimbaji napotewa na hadithi. Karibu saa tatu nzima! Nilitoka na kichwa kizito, nikamwambia binti wa ami yangu kwamba sauti ni nzuri lakini sikujua watu wale wanalilia nini.

Akanambia, "Dada, wewe umekwenda harusini humjui bwana wala bibi harusi. Njoo kwetu Jumanne."

Tuko watu kama ishirini. Wengi ni Waomani ambao wazee wao walitoka Unguja na Pemba, wako waliozaliwa Burundi na Kongo, na wawili watatu wa Mombasa, na lugha ya kikao ni Kiswahili tangu salamu hadi kuagana. Tunakutana kila baada ya wiki mbili, Jumanne baada ya isha, kwenye majlisi ya nyumba moja Al Khoudh. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, naye sote tunamwita Mwalimu. Riyali mbili zinalipia kahawa, tende, haluwa na karatasi za kuchapisha. Tiketi ya ukumbini kila mtu hujilipia.

Sasa hizo karatasi ndizo zilizonifanya nibaki. Kabla ya kusikiliza opera yoyote, Mwalimu na binti yake huandika hadithi yake yote kwa Kiswahili, tendo kwa tendo, na zile nyimbo kubwa wanazitafsiri ubeti kwa ubeti. Kikao cha kwanza hatusikilizi hata noti moja. Tunasoma maneno tu, kwa sauti, tukipokezana. Niliona ajabu mwanzoni, kisha nikakumbuka kwamba ndivyo tulivyolelewa na taarabu. Nani kwetu alisikiliza wimbo bila kuuliza maneno yana maana gani na yamemlenga nani? Bibi yangu angeweza kuusahau mtindo wa ngoma lakini shairi asilisahau.

Opera yangu ya kwanza na kikundi ilikuwa La traviata ya Verdi, mtunzi wa Kitaliano. Kwa asiyeijua: Violetta ni mwanamke wa Paris anayeishi kwa fedha za wanaume matajiri, tena ana kifua kikuu. Anapendwa kwa dhati na kijana Alfredo, wanahamia shamba wakaishi pamoja. Tendo la pili, Alfredo akiwa hayupo, babake anakuja kumwona yule bibi. Anaingia kwa ukali, kisha anapoa. Anamwambia nina binti mdogo, amechumbiwa, na upande wa mume wamesema ndoa haiwi maadamu kaka yake anaishi na mwanamke kama wewe. Anamwomba amwache Alfredo, na wala asimwambie sababu.

Majlisi iliwaka. Ami mmoja mtu mzima akasema yule baba ana haki, mtoto wa kike aliyeposwa akirudishiwa posa ni fedheha ya ukoo mzima. Shangazi aliyekaa mkabala naye akajibu, "Na huyu si mtoto wa mtu? Kwa sababu hana ukoo wa kumsemea ndiyo aende yeye kaburini?" Kahawa ilipoa. Mimi nilinyamaza muda wote, kwa sababu jambo kama lile nimeliona ndani ya nyumba ninayoijua, na sikutaka sauti yangu isikike inatetemeka. Siku ile ndiyo nilifahamu kwamba nilichokiona kwenye kile kioo kidogo ukumbini, wiki zile za nyuma, kilikuwa ni watu na mashaka yao.

Mwalimu hakukata shauri kwa kusema. Kikao kilichofuata alituwekea lile pambano lenyewe la nyimbo, baba na Violetta, akatuambia tusikilize pale bibi anapokubali. Anaimba taratibu, karibu kama anayembembeleza mtoto, akimwambia mzee yule amweleze binti yake kwamba kuna mtu amejitoa kwa ajili yake. Nikamtazama ami. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha tukaenda ukumbini, kumi na wawili kwa magari matatu. Hapa niseme la kuwasaidia wageni: ondokeni mapema. Gari letu la tatu lilikwama kwenye msongamano wa Barabara ya Sultan Qaboos, na ukichelewa hufunguliwi mlango mpaka wasaa wake ufike, kwa hiyo wenzetu wanne walikosa mwanzo mzima, pamoja na utangulizi wa okestra. Niliwahurumia hasa kwa huo utangulizi. Fidla zinaanza juu kabisa, kwa sauti nyembamba kama pumzi ya mgonjwa, na muziki huohuo unarudi mwanzoni mwa tendo la tatu, Violetta akiwa kitandani. Aliyekosa wa mwanzo, ule wa mwisho haumpigi vile. Kwetu wa taarabu nilieleza hivi: ni kama bashrafu, ule muziki wa vyombo vitupu unaofungulia taarabu, ila bashrafu hii imeficha habari ya msiba ndani yake.

Na mavazi: vaa kama unayekwenda harusini kwa watu wenye heshima zao. Wanaume wetu walivaa kanzu na vilemba, sisi mabaibui mazuri, na tulikuwa sawa kabisa.

Safari hii sikukitazama kioo hata mara kumi. Niliyajua maneno. Nilipata nafasi ya kushangaa kitu kingine, nacho ni sauti. Mwimbaji wa opera hana kipaza sauti. Mbele yake kuna okestra nzima, na bado unamsikia ukiwa siti za juu kabisa. Mwalimu alitueleza kwamba okestra ina nguvu nyingi kwenye masafa ya karibu Hz 500 (yaani mitetemo 500 kwa sekunde), na mwimbaji aliyefundishwa hujua kuipa sauti yake nguvu kwenye masafa ya karibu Hz 3,000, mahali ambapo vyombo ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi. Hashindani nao kwa kelele, anapita pale ambapo wao hawapo. Tangu nijue hilo, nikisikiliza sahani za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, nasikiliza kwa sikio jingine. Wale waimbaji wetu wa zamani walioimba barazani bila umeme nao walikuwa na njia yao ya kupita.

Jambo moja lilinipa tabu. Taarabuni ukipendezwa unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza mwimbaji, na kila mtu anajua ni ubeti gani umekugusa. Ukumbini unakaa kimya mpaka wimbo uishe ndipo upige makofi. Mwanamke unampigia "brava", mwanamume "bravo", wakiwa wengi "bravi". Nilijizuia kwa shida. Bado naamini kutunza ni heshima kubwa zaidi kwa msanii, lakini nimekubali kwamba mwenzako wa jirani ana haki ya kusikia noti ya mwisho.

Kikao nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Aida, na hiki ningetamani kila Mzanzibari angekihudhuria. Opera hiyo ya Verdi ilifunguliwa Cairo tarehe 24 Desemba 1871, kwenye jumba la opera alilolijenga Khedivu Ismail, mtawala wa Misri. Ilichelewa kwa sababu mapambo na mavazi yake yalinasa Paris mji ulipozingirwa na Waprusi. Mwalimu aliposema tarehe hiyo, bibi mmoja wa Mji Mkongwe akauliza, "Wakati huo kwetu alikuwa nani, Barghash?" Alikuwa Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Naye ndiye tunayesimuliwa na wazee kwamba alileta muziki wa Kimisri katika jumba lake, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Basi mji uleule uliotupa taarabu ndio ulioizaa Aida, na katika zama zilezile. Baadaye, 1905, kikaanza kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa Unguja. Usiku ule tulisikiliza tendo zima la tatu, lile la ukingoni mwa Nile, kisha kijana mmoja akatoa udi wake akapiga bashrafu, na hakuna aliyeona kwamba tumebadilisha mada.

Sasa kasoro, maana nimeahidi kusema yote.

Spika za majlisi hazifai kwa muziki huu. Kwenye nyimbo za kwaya kubwa zinakwaruza, na opera ina kwaya kubwa. Tumelisema mara tatu, fedha bado hazijatosha. Pili, ukusanyaji wa fedha za tiketi. Mara moja aliyekabidhiwa alichelewa kununua, siti za bei nafuu zikaisha, baadhi yetu tukaongeza fedha na wengine wakabaki nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa amejiwekea akiba tangu Shaaban hakwenda. Liliniuma, na nilisema kikaoni. Siku hizi kila mtu anakata tiketi yake, tunapatana tu siku na upande wa kukaa, na hilo limeondoa lawama. Tatu, kwa asiye na gari Al Khoudh ni mbali, hasa kwa wakaazi wa Ruwi na Matrah. Kuna watu watatu nawajua wameacha kwa ajili hiyo tu. Tukipata majlisi ya pili upande wa mjini tungewarudisha.

Na vijana ni wachache. Binti yangu wa miaka kumi na sita alikuja mara moja akasema tunaongea mno. Nadhani ana haki kiasi. Kuna usiku maelezo yalichukua saa nzima na muziki dakika ishirini. Mimi ningependelea kinyume chake, na nimeshamwambia Mwalimu kwa adabu.

Je, mtu angeweza kujifunza haya mwenyewe kwa video za mtandaoni? Muziki ndiyo, umejaa bure. Lakini sijaona popote hadithi hizi zikiandikwa kwa Kiswahili fasaha namna ile, na sijaona video inayoweza kumjibu shangazi yule. Ninayo jalada la karatasi za opera tano sasa, na mamangu aliyeko Unguja ananitaka nimpigie kwa simu nimsomee. Kwa riyali mbili, nimepata zaidi ya nilichotoa. Ila kama unapenda kusikiliza peke yako na kwa utulivu, vikao hivi vitakuchosha, afadhali ukaombe karatasi tu, hawanyimi.

Habari za karibuni: msimu wa ukumbini huanza Septemba na kwenda mpaka mwishoni mwa machipuko, na sisi tumeuanza na Turandot ya Puccini, ambayo ndiyo iliyofungua Jumba letu tarehe 12 Oktoba 2011, Plácido Domingo akiongoza okestra. Binti mfalme hataki kuolewa, anawatega wachumba vitendawili vitatu, na anayeshindwa anakatwa kichwa. Mwalimu alisimama akasema, "Kitendawili!" Majlisi nzima ikaitika, "Tega!" Akavitega vyote vitatu kwa Kiswahili. Cha kwanza, kinachozaliwa kila usiku na kufa alfajiri, tulikipata: tumaini. Cha pili, kinachowaka kama moto na si moto, alikipata yule bibi wa Mji Mkongwe: damu. Cha tatu hatukukipata. "Basi nipeni mji," akasema Mwalimu. Tukampa Pemba yote, akatutegulia: jibu ni Turandot mwenyewe. Yule bibi akasema kimyakimya kwamba kwetu ukishindwa unatoa mji, kule walikuwa wanatoa vichwa.

Puccini alifariki Novemba 1924 hajaimaliza kazi hii. Mwisho wake uliandikwa na Franco Alfano. Usiku wa kwanza kabisa Milano, tarehe 25 Aprili 1926, Toscanini, aliyekuwa akiongoza, alisimamisha okestra pale alipoishia marehemu, baada ya kifo cha Liù, yule kijakazi aliyejiua asije akalitoa jina la bwana anayempenda, yule mchumba aliyevitegua vitendawili, akaweka fimbo chini. Tuliamua na sisi tufanye vivyo hivyo. Liù alipochukuliwa, Mwalimu akazima. Tulikaa kimya, feni tu inasikika. Shangazi alifuta macho kwa upande wa mtandio, akauliza kama yule bwana aliyefiwa na kijakazi wake atathubutu kweli kuoa baada ya hapo.

"Jumanne ijayo, Bi Mkubwa," akasema Mwalimu, akaanza kukusanya vikombe.