Meli ya Ziwa Brienz na maporomoko yake, siku tatu Interlaken bila kupanda Jungfraujoch

Nilikuwa Interlaken, Uswisi, siku tatu mwezi wa saba, na tangu nirudi kila mtu ananiuliza swali moja tu, ulipanda Jungfraujoch, kile kituo cha treni cha juu milimani kwenye theluji? Sikupanda na wala sijutii. Tiketi ya kwenda na kurudi kutokea Interlaken kwa bei kamili inapita faranga 200, na siku zote tatu kule juu kwenye mita 3,454 kulikuwa na mawingu, kila nikifungua ile kamera ya mtandaoni ya kuonyesha hali ya kule juu naona weupe mtupu. Nikaamua hela yangu itabaki huku chini kwenye maji. Kwa hiyo hapa naongelea zaidi meli za kampuni ya BLS za Ziwa Brienz na sehemu mbili tatu unazozifikia ukiwa hapo, maana nimeona watu wengi wanapita pale mbio mbio wakiwahi theluji, inaniuma kweli.

Kwa ambao hamjafika, Interlaken imekaa katikati ya maziwa mawili, Thun magharibi na Brienz mashariki, Mto Aare ndo unayaunganisha. Thun ni kubwa zaidi, ila Brienz ndo lenye ile rangi. Mnazijua zile picha mnazodhani zimeongezwa rangi? Hazijaongezwa. Ni feruzi hivyo hivyo kwa macho, asubuhi inakuwa kama maziwa ya kunywa yaliyotiwa buluu alafu mchana jua likipiga inawaka. Sababu yake ni barafu. Mito ya barafu huko juu inasaga miamba mpaka inakuwa unga laini kabisa, unga huo unateremka na Mto Aare na Mto Lütschine unaingia ziwani, na kwa sababu ni mwepesi mno hauzami haraka, unaelea majini na kutawanya mwanga. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 260 kwa hiyo huoni chini hata ufanyeje.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, usianze na ziwa. Anza kule maji yanakotoka alafu ndo uje upande meli, utaliangalia ziwa kwa jicho lingine kabisa. Mi siku ya kwanza nilichukua treni mpaka Lauterbrunnen, pale kijijini unaona Staubbach inadondoka karibu mita 300 kutoka ukingoni mwa jabali, upepo unayapeperusha maji yanakuwa vumbi kabla hayajafika chini. Nzuri sana ila watu wanapiga picha moja wanaondoka. Mi nikaendelea kwa mguu, chini ya saa moja bondeni, njia tambarare, ng'ombe na kengele zao, mpaka Trümmelbach.

Trümmelbach jamani. Haya ni maporomoko kumi yaliyo NDANI ya mlima. Unalipa kiingilio, unapanda lifti inayopita ndani ya mwamba, alafu unatembea kwenye ngazi na mapango huku maji yanajipinda na kupasua jiwe pembeni yako. Hicho kijito peke yake kinatoa maji ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau, milima yote mitatu, na kikijaa kinapitisha mpaka lita 20,000 kwa sekunde. Namba hiyo niliisoma nikaiona ni namba tu, ila nilipogusa chuma cha kushikilia nikasikia kinatetemeka mkononi ndo nikaelewa. Huwezi kuongea na mwenzako, mnaonyeshana kwa vidole tu. Maji yana rangi ya kijivu kama ya kuoshea saruji, na ule ndo ule unga wa mawe ninaousema, unauona unasagwa mbele ya macho yako. Hapo nilisimama muda mrefu mpaka nguo zikalowa. Vaa koti la mvua na viatu visivyoteleza, kuna baridi hata kama nje ni jua kali, na kama una mtoto chini ya miaka minne msiende naye maana hawaruhusiwi kabisa. Majira ya baridi panafungwa.

Siku ya pili ndo meli. Gati ipo nyuma tu ya stesheni ya Interlaken Ost, huulizi mtu. Meli inaanza taratibu kwenye Aare, miti pande zote, alafu ghafla panafunguka na lile ziwa lote lipo mbele yako. Mpaka Brienz ni zaidi kidogo ya saa moja wakati treni inatumia kama dakika ishirini, lakini treni inapita ufukwe wa kaskazini na mambo mazuri yako kusini. Ukiwa na Swiss Travel Pass, ile tiketi ya watalii ya usafiri wa Uswisi, meli imo humo humo, huongezi kitu. Viti vya nje vipo vya kutosha ukiwahi ya asubuhi, injini haipigi kelele, wafanyakazi wanajibu maswali bila kununa, na inafika kwa dakika iliyoandikwa. Ukibahatika upate ile ya mvuke, Lötschberg ya mwaka 1914, yenye magurudumu ya pembeni, unaweza kusimama juu ukaitazama mashine ikizunguka chini. Mi naipa huduma hii tano kwa tano.

Njiani, kwenye ufukwe wa kusini, shuka kituo cha Giessbach. Nasema shuka, usipige picha ukiwa kwenye meli ukaridhika. Pale gatini kuna kitreni cha kamba kinachopanda mpaka kwenye hoteli ya zamani, kipo tangu 1879, na kilichonifurahisha ni kwamba mwanzoni kilikuwa kinaendeshwa na uzito wa maji tu, behewa la juu linajazwa maji linashuka huku linalivuta la chini. Juu hapo maporomoko yanateremka ngazi kumi na nne katikati ya msitu, na kuna njia inayokupitisha NYUMA ya maji, unaliangalia ziwa kupitia pazia la maji. Nilirudi mara mbili. Siku ile wengi walikaa kwenye mtaro wa hoteli na wakashuka, njia za juu zilikuwa karibu tupu.

Iseltwald sitaongea sana. Ni kijiji kizuri ila kile kigati kidogo kilichotokea kwenye tamthilia ya Kikorea kilijaza watu mpaka 2023 wakaweka kizuizi, unalipa faranga 5 kuingia. Naona ni haki yao, kijiji kile ni kidogo mno kwa umati ule. Ukitembea dakika chache tu kufuata ufukwe unapata ziwa lile lile bila foleni.

Kilichoniudhi ni chakula, si kwenye meli, ni mgahawa mmoja karibu na gati mojawapo ambao sitautaja. Nilingoja dakika arobaini, viazi vikaja vya baridi, alafu nikalipishwa chupa ya maji bei ambayo nilisikia uchungu, wakati hatua chache pembeni kuna bomba la kijiji linatiririka maji safi ya kunywa bure. Hizo bomba zipo karibu kila kijiji, beba chupa yako, na chakula nunua dukani ukale ukiwa umekaa kando ya ziwa.

Mengine madogo. Ratiba ya meli inapungua sana nje ya majira ya joto, iangalie kabla hujapanga siku. Ukilala Interlaken dai kadi ya wageni hapo hotelini, mabasi ya karibu yanakuwa bure. Kwenye meli ukitokea Interlaken kaa upande wa kulia, Iseltwald na Giessbach zote ziko huko. Na ukiwa Giessbach jioni angalia saa ya meli ya mwisho kabla hujaanza kupanda njia za juu, mi niliifikia zimebaki dakika tatu, nimelowa mpaka soksi, nikakaa nje njia nzima kurudi.