Gaggia Classic: Mashine Imara, Joto Lisilotulia

Gaggia Classic ni mashine ya espreso ya nyumbani ambayo ningeipendekeza bila kusita, mradi mnunuzi aelewe mapema kwamba joto lake halitulii mahali pamoja. Ndani yake mna boila moja ndogo, ya alumini katika matoleo mengi, inayoongozwa na thamostati (swichi zinazokata umeme joto likifika) mbili za kawaida: ya kahawa hukata umeme karibu na nyuzi 107 za Selsiasi, na ya mvuke karibu na nyuzi 145. Zote hupima ukuta wa boila, si maji yenyewe, na ile ya kahawa ikishakata hairudishi umeme mpaka joto lishuke nyuzi kadhaa. Ndiyo maana kahawa ileile, iliyosagwa vilevile, huweza kutoka chachu asubuhi na chungu mchana. Arabika ya Kilimanjaro au Nyeri iliyokaangwa kidogo huionyesha tabia hiyo waziwazi, kwa kuwa huhitaji maji ya moto zaidi.

Huo si ubovu, kwa hiyo fundi asubiri. Mashine ipashwe moto kwa dakika 20 hivi, mpini wa kahawa, yaani kishikio chenye kichujio, ukiwa umefungwa mahali pake. Kisha maji yaachiwe yatoke mpaka taa ya utayari izimike, na itakapowaka tena, kahawa itolewe papo hapo. Kinachotafutwa ni kuanzia kila kikombe kwenye hatua ileile ya mzunguko. Baada ya kupiga maziwa mvuke, maji yatolewe mpaka yaache kufoka, la sivyo kikombe kinachofuata kitaungua.

Ubovu halisi una dalili zake. Maji yakifoka ilhali swichi ya mvuke haijaguswa, thamostati ya kahawa au swichi hiyo huenda imeganda. Pampu ikifanya kazi lakini mashine isipate moto kabisa, fyuzi ya joto huwa mshukiwa wa kwanza, nayo hukaguliwa plagi ikiwa imechomolewa. Wanaotumia maji ya kisima waushuku pia ukoko wa chokaa, ila siki waiache jikoni, maana boila ya alumini haiipendi.

Wengi hukimbilia kufunga PID, kidhibiti cha kielektroniki kinachopunguza sana kupanda na kushuka kwa joto. Ni nyongeza nzuri, lakini nisingeinunua kabla ya kuizoea taa, kwa sababu hata PID haiongezi ukubwa wa boila, na maji baridi yanayoingia wakati kahawa inatoka bado huipoza.