Tulikodi wawezeshaji wa mpango mkakati wa konsotia yetu: tathmini kwa waratibu wenzangu

Konsotia yetu, yaani muungano wa taasisi za utafiti, inafuatilia usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa wagonjwa wanaolazwa na homa kali. Wabia wako Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo upande wa Lubumbashi, na kuna chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Mimi ni mratibu wa ruzuku upande wa Tanzania. Mikataba, bajeti, vibali na ripoti za wafadhili hupita mezani kwangu kabla hazijafika kwa mtafiti mkuu. Mpango mkakati wa kwanza ulipokaribia kuisha muda wake, kamati ya uendeshaji iliamua kukodi wawezeshaji kutoka nje watuongoze kwenye kikao cha kuandaa mpango mpya. Naandika kwa sababu huduma hii hulipiwa kwa fedha za utafiti, na ni nadra mtu kusema wazi ilikuwaje. Kampuni siitaji jina. Ninachotaka ni ujue cha kudai kabla hujasaini.

Uamuzi wangu: ningewakodi tena, lakini kwa mkataba tofauti.

Ili uelewe kwa nini nawasifu, lazima nikueleze mpango wa kwanza, ulioandaliwa na mshauri mwingine. Ulikuwa kitabu kizuri chenye picha ya hadubini kwenye jalada, dira, dhima, maadili ya msingi na malengo mengi ambayo konsotia yoyote duniani ingeweza kuyaweka. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosema nani anaamua vimelea vilivyo kwenye friza viende wapi. Na ugomvi wetu wote wa miaka ile ulitoka hapo. Bakteria akioteshwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa, maabara huhifadhi nakala yake kwenye nyuzi hasi 80. Huyo ndiye mali yetu. Ndiye anayesomwa jenomu (vinasaba vyake vyote), ndiye anayeandikiwa makala, ndiye anayempatia kijana shahada ya uzamivu. Mbia mmoja alisema ni wake kwa kuwa aliotesha yeye, mwingine akasema ni wake kwa kuwa vifaa alilipia yeye. Barua pepe zilikwenda na kurudi mpaka watu wakaanza kusalimiana kwa shida.

Wawezeshaji hawa walianza kazi kabla ya kikao. Walimpigia simu kila mbia peke yake, kisha wakaomba orodha ya watakaohudhuria. Walipoona ni maprofesa na wakurugenzi watupu, waliirudisha. Walitaka kutoka kila nchi aje muuguzi wa wodi, fundi sanifu wa maabara, karani wa takwimu na mhasibu. Palikuwa na manung'uniko kuhusu nauli na posho, nami ndiye niliyepokea simu hizo. Hawakulegeza, na nawashukuru.

Tulikaa Bagamoyo. Asubuhi ya kwanza tulikuta karatasi ndefu ya kaki imebandikwa ukutani kutoka mlangoni hadi dirishani. Mwanzo wake wamechora kitanda cha mgonjwa, mwisho wake makala iliyochapishwa. Tukaambiwa tuifuate chupa moja ya damu tangu inapochukuliwa hadi inapokuwa nukta kwenye grafu, na katika kila kituo tuandike iko mikononi mwa nani, nani anaamua iende wapi, na nani analipa. Maprofesa walijaza vituo vya mwisho kwa haraka: uchambuzi, uandishi, jarida. Vituo vya mwanzo vikabaki vitupu.

Ndipo muuguzi mmoja wa zamu ya usiku akachukua kalamu ya wino mzito. Akaandika kwamba kwao maabara haipokei chupa baada ya saa kumi na mbili jioni. Mgonjwa akifika usiku hupewa antibayotiki kwanza, kwa sababu hali yake haingoji, na damu ya kuotesha huchukuliwa asubuhi. Aliyewahi kufanya kazi maabara anajua maana yake: dawa ikishaingia mwilini, bakteria wengi hawaoti tena, na chupa hutoka haina kitu ingawa mgonjwa ana maambukizi. Tumejadili mara nyingi kwa nini hospitali moja hupata vimelea vichache kuliko nyingine. Tumeandika nadharia kuhusu hali ya hewa, umri wa wagonjwa na matumizi ya dawa za dukani. Sehemu kubwa ya jibu alikuwa nayo muuguzi ambaye hakuwahi kualikwa. Lengo la kwanza la mpango wetu mpya limetoka pale: kulipia fundi wa zamu ya usiku katika kila maabara. Si lengo la kupamba jalada, lakini lisipotimia takwimu zetu hazina maana.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa suala la friza ilikuwa hivyo. Karatasi ilionyesha kwamba kwenye kituo cha kuhifadhi vimelea kuna majina mawili chini ya "nani anaamua". Mwezeshaji hakuuliza nani mwenye haki. Aliuliza ombi la kutumia vimelea likija kesho, lipokelewe na nani, lijibiwe ndani ya muda gani, na nani aweze kulikataa. Tukaandika utaratibu hapo hapo: kamati ya watu wanne, mmoja kutoka kila nchi ya Afrika, na vimelea kutosafirishwa kama kipimo kinaweza kufanyika kwenye maabara ya mbia wa ukanda huu. Chuo cha Ulaya kilisita, kikaomba kushauriana, kisha kikakubali.

Jambo jingine lililofanywa vizuri ni lugha. Mada zilitolewa kwa Kiingereza na kulikuwa na mkalimani wa Kifaransa, lakini kazi za vikundi ziliachwa zifanyike kwa Kiswahili kwa anayetaka. Fundi wa Lubumbashi aliyekaa kimya asubuhi nzima akaanza kueleza namna wanavyookoa sampuli umeme ukikatika, na wa kwetu wakawa wanaandika. Kiswahili chake si cha Unguja, lakini hakuna aliyekwama.

Zoezi la fedha lilikuwa gumu zaidi, na nadhani kila konsotia ilifanye mwaka huu. Walitukumbusha H3Africa, ule mradi mkubwa wa jenomu wa Afrika uliofadhiliwa na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza. Ruzuku za kwanza zilitoka 2012, na fedha zikafikia mwisho 2022. Pamoja na makala, uliacha hifadhi za sampuli Uganda, Nigeria na Afrika Kusini, ambazo zinahitaji umeme na mishahara hata mfadhili akiondoka. Kisha wakaweka mezani mambo ya 2025: tarehe 1 Mei NIH ilitangaza kusitisha ruzuku ndogo zinazopitia kwa taasisi kiongozi kwenda kwa wabia wa nchi nyingine mpaka utaratibu mpya uwekwe, na tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikaacha kuendesha misaada ya nje. Kila kikundi kikapewa kadi: mfadhili wenu mkubwa ameondoka, chagueni vitu vitatu vya kubaki navyo.

Tulichobaki nacho ni friza na umeme wake, karani wa takwimu, na kikao cha kila mwezi ambapo maabara huwaambia madaktari wa wodi dawa gani bado inafanya kazi. Usomaji wa jenomu, ambao ndio hupendwa na wafadhili, ulidondoka. Baadhi yetu iliwauma sana. Lakini sasa najua nikipata shilingi ya kwanza naiweka wapi, na andiko la ruzuku tuliloandika baada ya hapo lilikuwa fupi na lenye msimamo.

Sasa mapungufu, na si madogo.

Kwenye sheria walikuwa wepesi mno. Rasimu yao ilisema takwimu "zitashirikishwa kwa uhuru miongoni mwa wabia", kana kwamba sisi ni nchi moja. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data za 2019. Yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kupeleka sampuli nje ya Tanzania kunahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyosainiwa. Sentensi kama ile ingetufikisha pabaya. Niliikataa, nikaiandika upya na mwanasheria wa taasisi.

Kwenye gharama za uendeshaji, yaani sehemu ya ruzuku ambayo taasisi hubaki nayo kulipia mambo kama majengo, umeme na uhasibu, pia hawakuwa wamejiandaa. Walipendekeza kila taasisi ikate asilimia sawa. Hawakujua kwamba ruzuku ya NIH kwa taasisi iliyo nje ya Marekani hulipa gharama hizo kwa kiwango cha asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi, wakati vyuo vya Marekani hulipwa zaidi ya hapo kwa mbali. Wahasibu wetu ndio waliowafundisha. Mtu anayelipwa kupanga mkakati wa konsotia ya utafiti anapaswa kuja na jambo hilo kichwani.

Ripoti ilichelewa, na ilipofika ilikuwa na viashiria vingi kuliko watu wa kuvifuatilia. Kimoja kilikuwa "idadi ya warsha zilizofanyika". Tulivipunguza wenyewe, tukabaki na vichache ambavyo karani anaweza kuvitoa kwenye daftari la maabara bila kuomba msaada: chupa ngapi zimechukuliwa kabla ya dawa, majibu yamefika wodini baada ya muda gani, friza imezimika mara ngapi. Walijaribu pia kutuuzia programu ya kufuatilia utekelezaji kwa ada ya kila mwaka. Tulikataa. Tuna REDCap, programu ya kukusanya takwimu za utafiti, ambayo taasisi zisizo za faida hupewa bure kwa makubaliano, na inatosha.

Bei ilikuwa juu. Kwa siku za kikao ilistahili, kwa ripoti haikustahili.

Kwa konsotia ambayo wabia wameanza kushuku nani anafaidika, huduma hii inafaa. Kama mnatafuta tu hati ya kuambatisha kwenye andiko la ruzuku, mwandishi mmoja mzuri atawatosha na fedha itabaki. Ukiwakodi watu wa aina hii, weka kwenye hadidu za rejea kwamba orodha ya washiriki ijumuishe wodi, maabara na uhasibu, kwamba mwanasheria kutoka kila nchi asome rasimu kabla haijasambazwa, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo ibaki kwako mpaka wapitie utekelezaji pamoja nanyi baada ya miezi sita. Kifungu hicho cha mwisho sisi hatukuwa nacho, na mapitio tunayafanya wenyewe.